Dainamo ya Gari la Honi

Mume wangu ni fundi wa umeme wa magari. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia unatetemeka, nami sijalala usingizi wa kushiba. Akichelewa kurudi, naona ajali. Akiwahi, naona ugonjwa umerudi. Binti yetu alichoka kunisikiliza, akamwekea baba yake sharti: dainamo ya Honi ikikubali, aendelee na kazi; ikigoma, banda lifungwe, akae nyumbani. Mwenyewe akakubali kwa jeuri ya ufundi.

Honi ni dereva mstaafu, jirani yetu. Gari lake ni la zamani kuliko ndoa yetu, na betri yake inachajiwa na dainamo, chuma cha mviringo kama mtungi mdogo. Alipokuja kuulizia, aliikuta vipande vipande juu ya meza.

"Fundi, umeifungua au imelipuka?"

"Wewe piga honi, ufundi niachie mimi."

Nilikuwa nimepeleka chai. Nikakaa juu ya tairi, najifanya napumzika. Mume wangu aliisugua shaba ya ndani kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akapuliza vumbi, akatia tone la mafuta kwenye bushi, ile pete inayoshika mhimili. Mpaka hapo mkono ulimtii. Kazi ilikuwa kwenye kifuniko. Mna kaboni mbili, vijiti vyeusi vinavyogusa ile shaba inapozunguka, kila kimoja na springi yake. Lazima uziinue, springi izibane ubavuni zisishuke, ndipo kifuniko kiingie. Springi ikamponyoka. Akajaribu tena, ikamponyoka tena, na safari hii kaboni ikameguka. Akatafuta nyingine kwenye kopo. Honi akageuka kutazama barabara.

Ningenyamaza tu, kesho angekuwa nyumbani, mbele ya macho yangu. Ndicho nilichokuwa nikikiomba. Lakini uso ulikuwa umemsinyaa kama wa mtu aliyefukuzwa kwao.

"Lete hapa," nikasema.

"Itakukata."

"Nafuma vitambaa tangu nikiwa msichana, leo springi initishe?" Nikatoa sindano yangu ya kufumia, ile yenye ndoana, nikainasa springi.

"Vuta polepole. Polepole, mke wangu, hung'oi jino!"

"Fundi kapata fundi," Honi akacheka.

Kaboni zikasimama. Yeye akasukuma kifuniko, akakaza bolti, nami nikazishusha kaboni kupitia tundu la ubavuni. Alipogusisha waya za betri, dainamo ikazunguka yenyewe, ishara kwamba ni nzima. Tukaifunga garini. Honi akawasha, akakanyaga mafuta, na taa nyekundu ya chaji ikazimika. Akapiga honi mpaka majirani wakatoka nje.

Jioni binti akapiga simu, tukaiweka kwenye spika.

"Baba, imekubali?"

"Imekubali."

"Umeifunga mwenyewe?"

Mume wangu akanitazama. Kudanganya hajui. "Springi kashika mama yako."

Binti akaniita. "Basi asiende bandani peke yake. Mama, utakuwa unakwenda naye?"

Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kukaa juu ya tairi. Yeye alikuwa bado ananitazama.

"Nitakwenda," nikasema.

Asubuhi nikavaa ovaroli lake kuukuu juu ya gauni, nikamfuata. Njiani akaanza kunifundisha habari za starta. Nikamwambia anyamaze kwanza, nitembee.