Fimbo Zilizolala Mlolongoni

Nitenganishe kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia. Nilimwona msimamizi wa uchaguzi akizipita fimbo zetu bila kuziangalia. Nilisikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba usiku uliotangulia alilala nyumbani kwa mwenyekiti. Huko sikumwona, na aliyeniambia naye aliambiwa. Kwa hiyo hilo la pili halimo katika maelezo haya, ijapokuwa lingenifurahisha liwemo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ranchi yetu ya jamii, kusini mwa Kitengela. Tulikuwa tunachagua kamati. Mwenyekiti aliyekuwa madarakani alitaka ardhi igawanywe, kila mwanachama apewe kipande chake. Na mwenye akili timamu alijua kipande chenye kisima kingemwangukia nani. Mpinzani wake, mwenzangu wa rika, alitaka kisima na malisho yanayokizunguka yabaki ya wote. Wakati wa kiangazi hatukuwa na maji mengine karibu. Hicho ndicho tulichokipigia kura.

Kura ilikuwa ya mlolongo: unasimama nyuma ya umtakaye, unahesabiwa. Jua lilikuwa kali na msimamizi alichelewa. Wazee wakafanya kile wanachofanya kisimani tangu utoto wao. Kwetu, mtu akifika na ng'ombe wake hulaza fimbo kwenye foleni, akaenda kuketi. Fimbo humshikia zamu, na hakuna mwenye haya atakayeiruka. Basi nyuma ya mwenzangu zikalazwa fimbo, moja baada ya nyingine, na wenyewe wakaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Nami nililaza yangu. Vijana wa mwenyekiti walibaki juani, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kunywesha ng'ombe.

Msimamizi hakuwa mtu wa huku. Tulimwona akipita mlolongoni, nasi tukadhani anahesabu fimbo pia. Alikuwa anahesabu vichwa. Mwenyekiti alisimama kando yake. Alizitazama zile fimbo chini, akamtazama msimamizi, akanyamaza. Hilo nililiona kwa macho yangu. Tulipoinuka kwa mwendo wa wazee, matokeo yalikuwa yamekwisha kutangazwa.

Mwenyekiti akaokota fimbo yangu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Shika, Mwalimu. Nimeiuliza inamchagua nani, imenyamaza."

"Haizungumzi na wezi."

"Basi kaiambie korti."

Mwenzangu alifungua kesi Kajiado, akaomba uchaguzi ubatilishwe. Nilimwonya alete walioona tu. Akaleta ukoo mzima. Walipanda kizimbani wakasimulia mbuzi waliochinjwa na bahasha zilizotembea, na wakili wa mwenyekiti aliwauliza jambo moja tu.

"Uliona, mzee?"

"Kila mtu anajua."

"Sikuulizi kila mtu. Wewe, uliona?"

"Niliambiwa na shemeji."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, aliyakataa maneno hayo yote. Siku ile niliwachukia mashahidi wetu kuliko nilivyomchukia mwenyekiti. Yeye angalau alijua anachokifanya.

Ikafika zamu yangu.

"Mwalimu, kura zikihesabiwa ulikuwa wapi?"

"Kivulini, kando ya kanisa."

"Si mlolongoni?"

"Fimbo yangu ilikuwa mlolongoni."

"Sijauliza habari za fimbo."

"Nami nakwambia kwetu ni kitu kimoja. Mteja wako anajua. Amenywesha ng'ombe kwa zamu hiyo tangu akiwa mtoto."

"Jibu swali, Mwalimu. Ulisimama?"

"Sikusimama."

Nje ya mahakama mwenzangu alinishika mkono. "Ungesema tu ulisimama. Nani angebisha?"

"Ukitaka waongo, uliwaleta wa kutosha," nikamwambia. Hakunisalimu tena mpaka tulipomzika.

Hukumu niliisikia mwenyewe, nikiwa kwenye benchi la mbele. Desturi ya kisimani, alisema hakimu, haimo katika kanuni za uchaguzi. Aliyepiga kura ni aliyesimama. Uchaguzi ukawa halali. Sina ugomvi na sheria ile. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeijua maana ya fimbo chini, akaacha mgeni asiijue.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, ardhi ikagawanywa. Inasemekana kipande chenye kisima kiliuzwa kwa mtu wa Nairobi. Wengine wanasema kiliuzwa mara mbili. Sijui, na wasemao hawajui. Ninachojua ni kwamba kiangazi kilichofuata niliwapeleka ng'ombe wangu kule, nikakuta waya wa miiba na lango lenye kufuli. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kunusa maji, wanasukumana. Nililaza fimbo yangu mbele ya lango. Mlinzi aliyekuwa ndani, kijana mwenye adabu, aliitazama, kisha akaniuliza kama nimeangusha kitu.