Tupa ya Jumamosi

Mume wangu Wekoye alikuwa mtu wa kung'arisha vitu. Viatu, kengele ya baiskeli, hata sufuria zangu ambazo nimeshaziosha, atazichukua tena azisugue kwa majivu huku nikimtazama tu. Nilipoolewa naye mwaka 1979, shangazi zangu walisema nimebahatika kupata mwanamume msafi. Nami nilikubali, maana sikujua kwamba usafi huo ungekuja kumharibia mtu mwingine jina.

Alikuwa fundi wa stima katika kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kazi yake ilikuwa zile swichi kubwa za kuwashia mota. Naweza kuzieleza kwa sababu nilielezwa habari zake mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ndani ya swichi mna vipande vidogo vinavyokutana mota ikiwashwa, na kuachana ikizimwa. Mafundi wanaviita kontakti. Mwili wake ni shaba, lakini pale zinapogusana pamebandikwa silva halisi, ile ya kutengenezea pete, kwa sababu silva hupitisha umeme vizuri. Kila zikiachana cheche inaruka, na cheche inaacha weusi.

Weusi huo Mzee Wabwile hakutaka kuuona. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi, mtu wa kufunga shati mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye jua kali. Kila Jumamosi saa sita, mota zikishazimwa, vijana wake walifungua swichi zote, wakachukua tupa na kuzipiga kontakti hadi zing'ae. Kisha Mzee alipita na tochi. Akiona doa, fundi haendi nyumbani. Wekoye alimpenda huyo mzee kama baba, na tupa aliyopewa naye aliitia kwenye mfuko wa ovaroli pamoja na kitambaa chake cha kupangusia.

Ovaroli hiyo niliifua mimi. Maji yake yalitoka ya kijivu, yanametameta kidogo, nami niliyamwaga mtaroni nikinung'unika kwamba wanaume hawajui bei ya sabuni.

Pamoja na usafi wote huo, kontakti hazikudumu. Baada ya miezi mitatu au minne zimekwisha, mpya zinaagizwa Nairobi. Mwaka 1983 meneja alizikusanya zile kuukuu, akaona zimebaki shaba tupu, akauliza silva imekwenda wapi. Hakuna aliyejua. Na mkubwa akiuliza kitu kimekwenda wapi, watu huanza kutazamana.

Palikuwa na fundi mwingine, Rotich, mtu wa upande wa Kapsokwony, mrefu, mpole wa sauti lakini mbishi. Tupa hakuipenda. Alisema weusi wa silva hauna neno, stima inapita tu. Wenzake walimwona mvivu anayetafuta sababu. Basi siku moja soja wa getini alimkagua akitoka, akamkuta na kontakti tatu kuukuu zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Rotich alisema anakwenda kuzilinganisha, anataka kujua zinaliwa na nini. Watu walicheka. Jioni hiyo ilikuwa imeshaenea kwamba anamuuzia sonara silva.

Wekoye aliitwa ofisini akaulizwa kama alimwona Rotich akizichukua. Akajibu kwamba alimwona, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini alijua pia sababu, kwa kuwa wiki hiyohiyo, wakila mahindi ya kuchoma nyuma ya stoo, Rotich alikuwa amemwambia kwamba anashuku tupa ndiyo inayokula silva. Hilo Wekoye hakulitamka. Mzee Wabwile alikuwa amekaa hapohapo, na kuisema vibaya tupa mbele yake ilikuwa sawa na kumtukana. Rotich alifukuzwa siku hiyo. Mume wangu akapewa nafasi yake, pamoja na nyumba yake ya kiwanda, vyumba viwili na mfereji wa maji mlangoni.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Chepkemei, mke wa Rotich, alikuwa bado anafungasha vyombo nilipofika na godoro langu. Nilimwambia aharakishe, kwamba nyumba si ya wezi. Alinitazama kidogo, akaendelea kufunga sufuria zake kwa kamba. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Pamba ilipopungua, mwaka 1985, tulihamia Kitale. Wekoye alipata kazi katika kiwanda kimoja cha kukausha mbegu za mahindi, tukapanga nyumba Matisi. Tupa ilikuja naye, na Jumamosi zikaendelea kama kawaida. Kontakti nazo ziliendelea kuisha, na yeye akazidi kuzisugua, akidhani labda hasugui vya kutosha.

Mwishoni mwa 1987, msimu wa kukausha ukiwa umepamba moto, alishikwa na homa ya matumbo. Alilala wiki saba. Mimi nilikuwa nahesabu vidonge, yeye alikuwa anahesabu Jumamosi. Aliporudi kazini alifungua swichi ya feni kubwa akijua ataikuta imeungua. Kontakti zilikuwa nyeusi kama chungu cha mboga, lakini zilikuwa nene, nene vilevile kama alivyoziacha. Aliniambia baadaye kwamba aligeuza ndoo, akaikalia, akabaki hapo mpaka wenzake wakadhani homa imerudi.

Hakumwambia mtu. Alingoja msimu uliofuata apime. Kiwandani mlikuwa na feni mbili za ukubwa mmoja. Ya kwanza aliendelea kuipiga tupa kila Jumamosi. Ya pili hakuigusa kontakti hata kidogo. Alipuliza tu vumbi la mahindi, akakaza skrubu, akabadilisha springi iliyolegea ili kontakti zibanane sawasawa. Tena alimwomba Jelimo, mama aliyekuwa akibonyeza vitufe, aache kuwasha na kuzima ovyo, maana kila kuzima ni cheche. Ilipofika Januari 1989, kontakti za feni ya kwanza zilikuwa shaba tupu. Za pili zilikuwa nyeusi, na bado zilikuwa na nguvu ya misimu miwili.

Jumamosi moja ya mwezi huo alirudi nyumbani mapema. Aliweka kontakti mbili mezani, moja ya kila feni, kisha akavua ovaroli akaiweka kando yake. Aliniuliza maji ya kufulia nguo ile huwa na rangi gani. Nikasema kijivu. Akauliza kama yanametameta. Nikasema ndiyo, tangu Bungoma.

"Basi silva ilikuwa inapita kwa karai yako, Mama Naliaka," akasema. "Rotich hakuiba kitu."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia miaka sita imepita, watu wameshasahau, na meneja wa hapa akisikia kwamba yeye ndiye amekuwa akimalizia kiwanda kontakti, tutarudi kijijini kulima viazi vitamu. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mara ya kwanza nilinyamaza." Siku mbili sikumpa salamu. Nilijiambia nina hasira naye, kumbe nilikuwa naona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Jumatatu alikwenda kwa meneja akasema yote. Meneja alifoka, kisha akatazama zile kontakti mbili kwa muda mrefu, akamwagiza aandike ubaoni kwamba ni marufuku kuzipiga tupa. Hakufukuzwa kazi. Lakini Wekoye alirudi na uso uleule wa mtu ambaye hajamaliza, na mwisho wa wiki tukaenda Ndalu, ambako tulisikia Rotich amekodi shamba na anatengeneza redio sokoni.

Tulimkuta nyumbani. Alikuwa ameanza mvi. Alitukaribisha kwa heshima, na hiyo ilituumiza kuliko kama angetufukuza. Wekoye hakungoja chai. Aliziweka kontakti mezani, akaeleza habari ya feni mbili. Rotich alizigeuzageuza kwenye kiganja.

"Si nilikuambia?" akasema.

"Uliniambia. Na nilipoulizwa, nikanyamaza."

Rotich alizirudisha kontakti mezani. Kisha akatuambia kwamba habari za Bungoma zilifika Kapsokwony kabla yake. Alikuwa akishika kikapu cha sadaka kanisani, na aliyesimama mbele ya waumini kuomba asikishike tena alikuwa baba yake mzazi.

"Baba aliaga dunia mwaka juzi," akasema. "Huyo ndiye ungeenda kumwambia."

Wekoye alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Niliondoka nikamfuata Chepkemei jikoni, nikamwambia kwamba yale maneno niliyomwambia siku ile anafungasha nayakumbuka, na kwamba naomba msamaha. Alikuwa anachochea moto. Aliniuliza hayo maji ya silva nilikuwa namwaga wapi. Nikasema mtaroni, nyuma ya nyumba.

"Nyumba gani?" akauliza.

Ilikuwa ileile niliyomharakisha atoke. Alinipa kikombe nipeleke kwa wanaume.

Kabla hatujaondoka Rotich alisema hataki barua wala hataki kurudishwa kazini. Anataka kitu kimoja, kwamba Wekoye aende Bungoma akaseme mbele ya Mzee Wabwile yale aliyoyanyamazia, na yeye awepo. Wakapatana iwe Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi tulikutana Bungoma wanne. Chepkemei na mimi tulibaki nje ya geti, waume zetu wakaingia. Saa sita mota zilinyamaza, na wafanyakazi wakaanza kupanga foleni ya kutoka, soja akiwakagua mmoja mmoja. Yaliyotokea karakanani alinisimulia Wekoye. Walimkuta Mzee Wabwile na vijana wake, swichi ziko wazi, tupa mikononi. Alifurahi kumwona Wekoye, akamkumbatia, kisha akamwona Rotich na mikono ikashuka. Wekoye alisema mbele ya wote. Alisema silva iliondolewa na tupa, kwamba Rotich alilijua hilo tangu 1983, kwamba yeye alilisikia na akalificha kwa kumwogopa Mzee. Hakujitetea.

Mzee aliomba gazeti. Aliigonga tupa yake mara tatu juu ya gazeti hilo, ikamwaga unga mweupe wa kumetameta kwenye herufi. Akauchukua kidogo kwa kidole, akausugua, akautazama kwenye mwanga wa mlango.

"Miaka ishirini na miwili," akasema.

Kisha alivua kofia yake mbele ya Rotich. Rotich alimpa mkono, akageuka akatoka.

Hapo ndipo sisi tulipomwona akija. Foleni ilikuwa bado ndefu. Angeweza kupita pembeni kama mgeni, lakini alijipanga nyuma ya watu, akasogea nao taratibu. Soja alikuwa yuleyule wa zamani, na alimtambua, maana aliangalia chini.

"Pita tu, bana," akamwambia.

"Nikague kwanza," Rotich akasema, akainua mikono.

Soja alimkagua. Alipapasa mifuko ya koti, mifuko ya suruali, soksi. Wengi wa wafanyakazi walikuwepo ile siku alipokutwa na kontakti. Wekoye alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake kwenye foleni, na yeye mikono yake ameinua, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Hakuna kitu," soja akasema.

"Sema wasikie."

Soja akageukia foleni, akasema kwa sauti kwamba Rotich hana kitu. Chepkemei, aliyekuwa amesimama kando yangu tangu asubuhi bila hata kuegemea, alinishika bega, kisha akakaa chini kwenye nyasi.