Munkoyo Ndani ya Sufuria ya Shaba

Nilimwonea wivu mwenzangu wa kazi, na sitatafuta neno la kuupamba. Tulifanya kazi meza moja katika maabara ya kiwanda cha shaba, Lubumbashi, miaka ile ya Zaire ambapo kila mtu alikuwa "sitwayen", yaani raia, na kuvaa tai kulikuwa kosa. Mimi nilimtangulia kazini, nilisoma kumshinda, na kabla yake nilikuwa nimepeleka makala mbili za sayansi kwenye gazeti la wafanyakazi. Za Kifaransa safi, bwana! Hakuna aliyezisoma. Karatasi zake watu walifungia samaki wa Kasenga.

Yeye akaja na Kiswahili cha kambini, cha wafanyakazi wa kiwanda. Aliandika kwa nini umeme wa mvua unaonekana kabla ya ngurumo, kwa nini jiwe la kijani linatoa shaba nyekundu. Eh! Siku gazeti linatoka, wanaume walisimama getini kusoma, na wasiojua kusoma wakasomewa. Mkubwa wa gazeti akampa ukurasa mzima, kila mwezi. Ukurasa niliouota mimi.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani kwangu. Kabla ya kupeleka makala alikuwa na desturi ya kumsomea mtu ambaye hakuingia shule, naye alimchagua bibi yangu, mke wangu wa ndoa. Anakaa kwenye kiti changu, anasoma, na bibi yangu anamkatiza: "Ngoja kwanza, hapo sisikie muzuri. Moto inapita namna gani mu chuma?" Naye anafuta, anaandika upya. Mimi bibi yangu hajaniuliza swali hata moja kuhusu kazi yangu. Kusema kweli, na mimi sikuwahi kumsomea kitu. Nilimwona hawezi kuelewa.

Mwezi mmoja aliandika jinsi shaba inavyopitisha joto. Akashauri: mimina munkoyo yako katika sufuria ya shaba, iweke ndani ya beseni la maji, itapoa upesi. Bibi yangu akafurahi. Kisha mwenzangu akanipa mimi karatasi, akiniita Yaya, yaani kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, unitazamiako kama sikukosa. Weye unajua kunipita."

Nilisoma mara mbili, lakini kosa niliona mara ya kwanza. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi na mizizi; kikilala siku mbili kinachachuka, na ukali ule unakula shaba na kuitia ndani ya kinywaji kama sumu. Sisi wawili tuliyeyusha shaba kwa asidi kila siku ya Mungu! Alipaswa kuonya kwamba isilale humo. Alisahau.

"Iko muzuri," nikasema, nikamrudishia. Nilitaka aaibike, ukurasa uje kwangu. Kwamba kuna watu watakunywa, sikuwaza. Au niliwaza, nikapita.

Gazeti likatoka. Ijumaa, mimi nikiwa zamu ya siku mbili kiwandani, bibi yangu alinunua sufuria ya shaba, akaijaza munkoyo ya kuwangojea dada zake. Jumapili niliporudi niliwakuta yeye na dada zake wawili uani, wanatapika, mikono tumboni. Ee mama yangu! Siku tatu hawakushika chakula.

Mwenzangu alipopata habari alikuja mbio, akapiga goti mbele ya bibi yangu. "Mama, kosa iko yangu. Nitaandika mu gazeti, bantu bote basikie." Na kweli aliandika, kwa herufi kubwa, na watu wakampenda maradufu. Hilo nalo liliniuma, Mungu anisamehe.

Lakini siku ile, yeye akiwa bado amepiga goti, bibi yangu aliniangalia mimi.

"Baba, karatasi hii si alikuletea weye kwanza?"

"Ndiyo."

"Ulisoma yote?"

"Yote."

"Na haukuona kitu?"

Mwenzangu akainua kichwa, akangoja. Miaka yote nilitaka watu hawa wawili wajue kwamba mimi najua kumpita.

"Sikuona," nikasema. "Sikujua."

Bibi yangu akashusha macho. Mwenzangu akasimama, akanishika bega kwa huruma. "Hapana kuhangaika, Yaya. Ile kitu iko nguvu kidogo kuelewa." Kisha akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake kile cha kambini, jinsi ukali unavyokula shaba, nami nikawa naitikia kwa kichwa.