Vipimo vya Wateja na Meseji Zisizoitwa

Shangazi yangu ni fundi cherehani na macho yake yameingia ukungu. Uzi namtungia mimi. Hospitali ilimwandika kwenye foleni ya upasuaji, ikamwambia tarehe itakuja kwa meseji, na asiyefika siku yake anarudi mwisho wa foleni.

Sasa simu yake ni ya vitufe, inabeba meseji mia mbili basi. Wateja wanamtumia vipimo humo, kifua, kiuno, urefu wa mkono, naye hafuti hata kimoja. "Mtu akirudi mwakani nimpime upya kama mgeni?" Nafasi inayobaki wanaijaza wenye matangazo: bahati nasibu, mikopo ya haraka, nyota yako leo. Ikishajaa, meseji nyingine haiingii.

Nikasikia redioni kuna kanuni mpya: usiyetaka matangazo, tuma neno ONDOA. Tukatuma. Likaja jibu: "Chagua huduma ya kuondoa, 1 hadi 38." Tukaondoa moja moja mchana kutwa, sketi ya mteja imelala mapajani mwa shangazi. Kesho yake tangazo lile lile likaja kwa namba nyingine.

Akapiga simu ofisi inayosimamia kampuni za simu. Kijana wa huko akamjibu kwa adabu zote, "Mama, kanuni inakupa uhuru wa kuchagua."

"Nimeshachagua, baba. Mara thelathini na nane."

"Hiyo namba ni mpya, mama. Nayo uikatae."

"Kwa hiyo kazi yangu siku hizi ni kukataa. Nguo atashona nani, wewe?"

Kijana akacheka. Shangazi hakucheka.

Ijumaa mteja mmoja akaja amenuna, ametuma vipimo mara tatu hajajibiwa. Kumbe simu ilikuwa imejaa; nikafuta matangazo yote. Zilizokwama zikaanza kuingia mfululizo: nyota, mkopo, mkopo, kiuno cha yule mteja mara tatu, halafu hospitali. Hiyo niliisoma kimya kwanza.

"Wanasemaje?"

"Ilikuwa jana, shangazi. Saa mbili asubuhi."

Tulikwenda hivyo hivyo. Karani akafunua kitabu chake. "Miezi saba tena, mama. Sisi meseji tulituma."

Tuliporudi akaniambia nitoe daftari langu la darasa la tano, lile lenye kurasa nyingi tupu. "Hamishia vipimo vyote humo, kisha uvifute kwenye simu. Tuwape nafasi hao watu. Wao wakikosa pa kukaa, hospitali nayo haiingii."

Nilikuwa ukurasa wa nne simu ilipolia. Akainua kichwa upesi.

"Nyota yako," nikasema. "Eti wiki hii utaona mambo mazuri."

"Futa," akasema. "Endelea na viuno."