Yeni za Mama Chini ya Kimchi

Tak Yun-sik, ofisa wa ubalozi mdogo wa Korea mjini Fukuoka, Japani, alilipwa kwa dola. Msimwonee wivu! Muuza samaki wa Fukuoka anataka yeni, na mwaka aliohamishiwa huko dola moja haikufika yeni themanini. Mshahara haukupunguzwa hata senti, lakini nyumbani walikunywa supu ya chipukizi za soya mpaka wakaikinai. Siku moja ulimi ukamponyoka kwenye simu: "Mama, hii yeni itaniua." Jamani, mama wa Kikorea haambiwi maneno kama hayo!

Bibi Maeng, mama yake, aliuza dagaa wakavu sokoni Busan, na hakuwahi kumwacha mwanawe alipe kitu. Mgahawani mkono wake ndio uliotangulia. Ndiyo maana Yun-sik aliapa: mama akitimiza miaka sabini, atampeleka Beppu kwenye maji moto, na safari hiyo atalipa yeye, hata kama watagombana.

Baada ya miaka miwili yeni ikaporomoka.

"Bwana Tak, dola imevuka yeni mia!" alipiga kelele Bang, mhasibu. "Leo unatunywesha nini?"

"Kunyweni, ila msinikaushe. Mama ametimiza sabini, anakuja Ijumaa!" Yun-sik alijibu huku akicheza, suti na tai vikiwa mwilini.

Mama akaja kwa meli na ndoo ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu. Huko Beppu wakaoga, wakala kaa, mama akaimba. Asubuhi Yun-sik akaenda kaunta, kifua mbele, pochi mkononi.

"Tumeshalipwa, bwana," karani akainama. Noti zilizokuwa mbele yake zilinuka kitunguu saumu.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimelipa. Si ulisema yeni inakuua? Nilizinunua wiki ileile kwa wale akina mama wa vigoda, wabadilisha pesa. Nimekuja nazo chini ya kimchi, mwizi asizione."

"Ulinunua kwa ngapi?"

"Yeni mia kwa won zetu za Korea elfu moja na mia tano."

"Mama, leo ni elfu moja na mia moja tu."

Bibi Maeng akajipiga mapaja. "Ole wangu! Miaka arobaini sokoni, halafu wachawi wale wanile hivi hivi!" Akacheka mpaka machozi. Yun-sik naye alicheka. Ila alijua ni dagaa wangapi waliouzwa kupata noti zile.

"Na mshahara wako?" mama akauliza.

"Umenenepa, mama. Kila mwezi unabaki."

"Kumbe! Sasa tunakimbilia wapi?" Akavua viatu tena. "Tunalala siku moja zaidi. Ya leo lipa wewe."

Yun-sik akatoa pesa kwa mikono miwili. Bibi Maeng akasimama pembeni, mkoba ameukumbatia, akamtazama mwanawe akilipa mpaka noti ya mwisho, wala hakunyoosha mkono.