Uungwana wa Thallusa, Msuka Mataji

Thallusa aliletwa Roma kutoka Siria angali mtoto mdogo, akanunuliwa na mzee Gaius Vettienus, muuza mafuta wa mtaa wa Subura. Alikulia jikoni mwa mzee huyo, na yeye ndiye aliyemkanda miguu ilipoanza kumvimba. Mzee hakuwa na mke wala mtoto. Asubuhi moja, bila kumwambia kitu, alimshika mkono akamtoa nje, wakamwahi hakimu mkuu njiani akienda kuoga. Hakimu alikuwa na haraka zake. Tarishi wake alimgusa Thallusa kichwani kwa fimbo na kutamka kwamba mwanamke huyu ni huru; mzee akamgeuza, kama ilivyo desturi, akamwachia mkono. Hakimu akakubali kwa kichwa, akashika njia ya hamamu. Ilikuwa imekwisha. Mtumwa alitoka nyumbani, muungwana akarudi.

Akapanga chumba, akajifunza kusuka mataji ya maua ya harusi na karamu, na baadaye akazaa binti, Nysa. Kwa kuwa mama alikuwa huru, mtoto naye alizaliwa huru. Hilo Thallusa alijisemea mara nyingi usiku, kama mtu anayepapasa komeo la mlango.

Mzee alipofariki, kila alichoacha kilimwangukia Lucius Sura, mtoto wa ndugu yake mdogo. Haukupita muda mrefu Lucius akatokea na wanaume wawili kwenye kibanda Thallusa alichouzia mataji, akamkamata mkono.

“Kusanya vitu vyako. Na huyo mtoto.”

“Twende wapi, bwana Lucius?”

“Nyumbani. Wewe mtumwa wa baba mkubwa, na cha baba mkubwa ni changu.”

“Baba yako mkubwa aliniacha huru! Mbele ya hakimu!”

“Hakimu yupi? Yule aliyekufa? Nani mwingine aliona?”

Thallusa alijaribu kuuchomoa mkono. Nysa alikuwa amejibanza nyuma yake, ameng'ang'ania nguo. Hapo jirani akatoka: Cossinius dobi, miguu ikimchuruzika maji ya kufulia. Wawili hawa walikuwa hawaamkiani, kwa sababu ya mitungi ya mikojo ya kufulia nguo aliyoipanga dobi ukutani, karibu na maua ya Thallusa.

“Mwachie,” alisema Cossinius. “Kama unamdai, kamdai kwa hakimu kama watu.”

“Na wewe ni nani wake?”

“Jirani. Nagombana naye kutwa kucha, na mimi sigombani na watumwa wa watu.”

Watu wakacheka. Lucius akaona haya, akaachia. “Tutaonana mahakamani,” akasema.

Balaa lilikuwa kwamba mtu ambaye uungwana wake umetiwa shaka hana kinywa mahakamani. Lazima raia mwingine asimame amsemee. Thallusa alizunguka kwa marafiki wa mzee, wauza mafuta waliokula kwa mkono wake miaka mingi. Mmoja alisema anaumwa mgongo. Mwingine alimtuma mkewe aseme hayupo, ilhali viatu vyake viko mlangoni. Mwishowe hakubaki ila dobi.

“Mimi?” Cossinius aliguna. “Mimi najua madoa, mama Nysa, sijui sheria.”

“Sina mwingine, baba.”

Dobi akajifuta mikono, akasema, “Haya. Nitafua na hili.”

Hakimu mkuu mpya aliamuru Thallusa ahesabiwe huru mpaka kesi iishe. Lakini ni uhuru gani huo? Kila hatua ya kiatu kizito mtaani ilimshtua moyo. Aliwaza kumchukua Nysa watoroke kwenda bandari ya Ostia, na alikwisha kufunga mzigo, ndipo dobi alipouona.

“Ukikimbia umekiri,” alimwambia. “Anayetoroka ni mtumwa. Fungua hiyo.”

Akafungua.

Siku ya kesi, mbele ya waamuzi walioteuliwa na hakimu mkuu, dobi alimleta yule tarishi wa fimbo, sasa mzee wa macho mekundu. Alimtazama Thallusa kwa muda, akatikisa kichwa. “Nimegusa vichwa kama mchungaji agusavyo kondoo. Huyu huenda nilimgusa, huenda sikumgusa.”

Lucius akasimama, toga yake, joho la raia, imenyooka. “Waheshimiwa waamuzi, katika ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyewahi kumhesabu mwanamke huyu kuwa huru.”

Ndipo Thallusa alipokumbuka. Kusema haruhusiwi. Akamvuta dobi nguo, akamnong'oneza, “Mazishi!”

“Nani kafa?”

“Mazishi ya mzee! Nani alinipanga mbele ya jeneza?”

Cossinius alikunja uso. Thallusa aliuma ulimi ili asipige kelele. Kisha dobi akageuka.

“Bwana Lucius, siku mliyomzika marehemu, waliotembea mbele ya jeneza walikuwa akina nani?”

“Watu aliowaacha huru. Ndiyo desturi.”

“Walikuwa wengi?”

Lucius akasita. “Wa kutosha.”

“Walikuwa wachache, nawe ukaona aibu mbele za watu. Ukamtoa huyu kwa waombolezaji, ukamsukuma mstari wa mbele, ukapaza sauti: ‘Thallusa, uliyeachwa huru na Vettienus, tembea hapa!’ Mtaa mzima ulisikia. Niwaite?”

Majirani walikuwa wamejaa nyuma ya dobi: muuza mkate, kinyozi, mke wa mwashi. Waliapa mmoja mmoja. Lucius hakuinua uso tena. Waamuzi walinong'onezana kidogo, wakatamka: Thallusa ni huru, na binti yake pia.

Hakushangilia. Alikaa chini pale pale sakafuni, amemshika Nysa mkono, na hata walipofika nyumbani hakuweza kuuachia. Mtoto akalalamika anaumia.

Thallusa aliishi hadi mvi zikamfunika, ila hofu haikumtoka kabisa. Nysa alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Thallusa alifungua mlango wazi, akawaita wauza samaki na wapita njia waingie, akamwinua kichanga juu wamwone.

“Mtazameni vizuri,” aliwaambia. “Amezaliwa hapa, na mama yake ni muungwana. Mkiulizwa, mseme.”