Mashavu ya Kungwi Zena

Siku ya kwanza Zena wa Chole kuingia dukani kwangu Visiga, alikuwa mkavu kama ukuti. Alitaka kanga za sare za ngoma nzima, nami nikamtajia bei ya mgeni. Akacheka.

"Bei hiyo kamtajie bwana harusi, dada. Mimi kungwi. Nipunguzie, nikuletee harusi zote za Kisarawe."

Tulivutana mpaka adhana ya adhuhuri. Aliondoka na bei yake, nami nikapata mteja.

Kwao kungwi humfunda anayeolewa na kumlisha akiwa amefungiwa ndani, ili siku mwali anapotolewa watu waone mashavu. Kufunda Zena alijua. Kilichomwangusha ni mwili wake. Kina mama walimsema humu humu dukani: "Kungwi mwenyewe mbavu nje, atamnenepesha nani?"

Mwaka uliofuata akaja kajaa. Uso mviringo, mwekundu, tumbo limemtangulia mlangoni.

"Kungwi umenawiri!"

"Uji wangu huo. Karanga na ufuta."

Kina mama walimfinya mashavu kama wanaochagua mapapai. Kazi zikammiminikia, nami nikauza kanga. Lakini mimi nilimkagua kama mali ya dukani. Kitambaa nakikagua upindoni, sidanganywi na maua. Mikono ya Zena ilikuwa vijiti, ngozi yake ukiigusa tu inavilia damu, na chini ya kisogo pameota nundu ya mafuta. Wenzangu wakaita hiyo afya.

Siku moja, katikati ya kupatana bei, alishika ubavu wa kulia akakaa chini. Nikampeleka hospitali Kibaha. Mteja akikufia dukani, wewe ndiye utakayeulizwa. Akachukuliwa damu, akapigwa picha ya tumbo. Daktari Eugenia akatuita.

"Mama, ini lako limejaa mafuta. Unakunywa pombe?"

"Mimi Muislamu, mwanangu. Nitukane kingine."

"Sukari yako nzuri, virusi vya homa ya ini hatukuviona. Basi kuna kitu unameza."

Zena akaukumbatia mkoba wake.

"Fungua mkoba," nikamwambia.

Akatoa kijifuko cha nailoni chenye vidonge visivyo na jina. Alivinunua gulioni, kwa muuzaji anayevinadi kwa kipaza sauti kuwa vinajaza mwili. Daktari akaviangalia, akaguna.

"Hivi nahisi ni steroidi. Hospitali tunampa mwenye pumu kali, kwa kipimo na kwa muda. Ukimeza kila siku kiholela, vinakula nyama ya mikono na miguu, mafuta yanahamia usoni, tumboni na kwenye ini. Mama, wewe hujanenepa, umeharibika."

"Natupa vyote leo."

"Usithubutu kuacha ghafla! Mwili umeshavizoea, unaweza kuanguka ukafa. Nitakupunguzia polepole. Ukikubali, mafuta ya ini yanaweza kuisha. Ukiendelea, litaota makovu."

"Na mashavu?"

"Yataondoka."

"Basi na kazi imeondoka," akasema Zena.

Tuliporudi dukani tukamkuta Ashura wa Msimbu, anayemwoza bintiye Naila, anachagua sare. Akamrukia Zena, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Shoga, Naila namtaka hivi hivi! Umwongezee huo uji."

Nilidhani Zena atacheka apokee kazi. Akaitoa mikono ile usoni kwake.

"Uji hauna kitu, Ashura. Nilikuwa nameza vidonge. Vimenijaza mafuta mpaka kwenye ini, natoka hospitali sasa hivi. Naila mwache alivyo."

Ashura akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya unga:

"Vinauzwa wapi?"

Nilitamani kutema mate, ila sakafu ni yangu. Zena hakumtajia. Kanga nilimuuzia Ashura kwa bei ya kwanza, sikumpunguzia hata senti.

Naila alifundwa na kungwi mwingine, akatolewa na uso kama sahani. Watu walipiga vigelegele. Mimi biriani ilinishinda.

Zena kakauka tena. Daktari anasema mafuta ya ini yanapungua. Kina mama hawamwiti, analima muhogo Chole. Harusi za Kisarawe zimempotea yeye, zimenipotea na mimi. Yeye amebaki na ini lake. Mimi nimebaki na marobota ya kanga za sare, na kungwi aliyemfunda Naila alipokuja kuulizia bei, nilimwambia hazipo.